Wanja Niliompaka Lela

Hikma mwanangu,

Nimempeleka Lela kliniki hapa Pipeline, macho yake yakaangaliwe. Usishtuke, yamefunguka na anacheka. Wali uko kwenye sufuria. Taulo lake dogo usijifutie uso, lichemshe peke yake, na foronya pia.

Asubuhi ulipomkuta kope zimegandamana kwa matongo uliniuliza, "Mama, umempaka wanja tena?" Nikasema sijampaka. Ukasema basi ni watoto wa Vivian wa ghorofa ya juu wamemwambukiza, ukaenda kazini na hasira zako. Nikakuacha uamini hivyo.

Nilimpaka, mwanangu. Ilikuwa jana, kwa kijiti kilekile ninachojipakia mimi, nami nina chokea, kile kijipu cha kope, tangu Jumapili. Kwetu mtoto wa kike hakai bila wanja, nikaona mara moja haidhuru.

Vivian ameteremka na pamba safi na maji yaliyochemshwa, tukamfuta taratibu, kila jicho na pamba yake. Hata hakuuliza kwa nini ulimpita kwenye ngazi bila salamu. Ndiye anayenisindikiza.

Kichupa cha wanja ~~nimekificha chini ya leso zangu~~ nimekitupa.

Daktari akiuliza, nitamwambia ukweli. Ila nimetaka wewe uujue kwanza. Tukirudi, mshike Vivian mkono umshukuru. Mimi nikasirikie, nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Bibi yake Lela