Msaidizi Aliyenipokonya Jina

Jérémie, usicheke kwanza. Soma.

Nimefungwa fainali. Saba bila. SABA, we! Tena mbele ya garaji nzima ya mzee Tajudini, mafundi wameacha magari ya watu ili waniangalie.

Si unajua tulivyopatana: ule mchezo wa kuongoza timu kwenye kompyuta, anayeshindwa haitwi tena Kocha hapa Buyenzi. Miaka miwili jina langu! Hata mama alikuwa ananiita hivyo.

Na aliyenifunga ni Raihana, yule anayeuza piesi za magari pale mlangoni. Yeye hasomi ushauri wowote. Anaangalia mpira tu, anatafuna karanga.

Mi niliyemaliza shule, nikamsikiliza msaidizi wangu wa ndani ya mchezo. Akaandika: "Kocha, mabeki wao ni wazito. Peleka wote mbele." Nikapeleka wote. Tatu bila.

Mapumziko nikamuuliza tena. "Kocha, timu inacheza vizuri, usibadilishe kitu." INACHEZA VIZURI! Tatu bila, Jérémie!

Na mi sikubadilisha kitu.

Fundi Uthmani akatoa kichwa chini ya gari: "We mutoto, huyo msaidizi wako analipwa na Raihana?" Garaji ikalipuka kwa kicheko.

Sasa kila mutu anamwita Raihana Kocha. Mama pia! Amemtumia salamu: "Hongera, Kocha."

Nikafungua kompyuta nifute mchezo wote. Msaidizi akaandika: "Kocha, wachezaji bado wana imani na wewe."

Nimeshindwa kumfuta. Ni yeye tu aliyebaki kuniita hivyo.