Tuling'oa Gego Zima

Alhamisi, Novemba 1998. Schaerbeek.

Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba ya hapa, huioni lakini unafika umelowa. Nimeshuka kwenye tramu vituo viwili kabla ya kwangu ili nitembee, hasira ipungue. Haikupungua.

Bon, niandike. Sijui nani husoma ukurasa huu. Katika jengo letu hakuna mwenye intaneti isipokuwa binamu yangu, na kompyuta hii ni yake. Labda ndiyo maana naweza kusema ukweli hapa.

Huu ni mwaka wa nne ninamsaidia daktari wa meno. Bujumbura nilikuwa muuguzi. Hapa diploma yangu haikumshughulisha mtu ila yeye. Ana mkono mwepesi, hapandishi sauti, na wagonjwa wasiojua Kifaransa vizuri hawafukuzi: ananiita nitafsiri. Nayasema haya kwanza, nisije nikamwonea.

Lakini akiona kwenye picha ya eksirei magego ya mwisho, yale yanayochelewa kuota ambayo watu wa hapa huyaita meno ya hekima, anayang'oa. Yawe yanauma, yasiwe yanauma. Mwalimu wake alifanya hivyo, naye anafanya hivyo.

Kiangazi hiki nilisoma jarida lake moja. Huja kila mwezi kwenye plastiki, na mengi bado yamo kwenye plastiki. Makala ilieleza kwamba gego lisilouma na lisilo na ugonjwa hakuna ushahidi kuwa kuling'oa kunamsaidia mgonjwa. Afadhali liachwe, liangaliwe mara kwa mara, maana kuling'oa kunaweza hata kuumiza mshipa wa fahamu wa mdomo. Nikaiweka mezani kwake, imefunguliwa ukurasa ule ule. Alitabasamu. "Zaina, wanaoandika hivi hawana muda wa kung'oa meno."

Nikarudi kupanga vifaa.

Septemba akaja Maman Noella. Jina nimelibadili. Ni mtu wa Bukavu, anahudumia wazee majumbani kwao na Jumapili anaimba kwaya. Alikuja kuzibwa jino moja la juu tu. Daktari akaona gego la chini kulia, limelala upande, kimya, halimsumbui mtu. Akasema ingekuwa bora kulitoa kabla halijaleta shida.

Ingekuwa bora. Ndivyo alivyosema.

Mimi nikamwambia Maman Noella: "Docteur anasema ni lazima."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Watu walikuwa wengi sebuleni wakisubiri, na "ni lazima" ni neno fupi, halizai maswali. Na nilikuwa nimeshasoma ile makala.

Likang'olewa siku ile ile, na tangu hapo nusu ya mdomo wake wa chini imekufa ganzi. Chai inamchuruzika kidevuni, hajui mpaka aonyeshwe. Akila anajiuma. Kwenye kwaya amejisogeza mstari wa nyuma, kwa kuwa maneno mengine hayatoki sawa. Daktari alimwambia avumilie, itarudi. Labda.

Leo alikuja kung'olewa la kushoto. Miadi, rendez-vous yake, ilikuwa imeandikwa tangu Septemba na hakuna aliyeifuta, si daktari, si mimi. Daktari akavaa glavu, sindano ya ganzi ikiwa tayari kwenye sinia. Akasema, mwambie tunaanza.

"Maman," nikasema, "docteur anataka kuanza. Lakini jino hili halina ugonjwa. Unaweza kuliacha."

Akanitazama. "Na ile ya kwanza?"

"Nalo halikuwa na ugonjwa."

"Alors, juu ya nini muliitosha?"

Kwao kutosha ni kutoa. Nikaitazama sinia.

"Na weye ulikuwa unajua?"

"Nilijua, maman. Sikukwambia."

Akaketi wima, akavua kile kitambaa cha kifuani, akamgeukia daktari. Akamwuliza mwenyewe, kwa Kifaransa cha polepole: wale wengine uliowang'oa hivi, midomo yao ilirudi?

Daktari akasema hajui. Wangekuwa na shida, wangerudi kumwona.

"Mimi sikurudi kwa sababu ya shida," akasema Maman Noella. "Nilirudi kwa sababu mlinipa rendez-vous."

Akavaa koti. Alimpa daktari mkono. Mimi hakunipa.

Nimekasirika hata vidole vinagonga vibaya kwenye herufi. Mtu anafanya kazi peke yake chumbani, miaka nenda rudi, hakuna mwenzake anayemwangalia. Anayepona anamshukuru. Asiyepona anaona haya, au anahamia kwa mwingine, na daktari anahesabu ukimya wake kuwa ni kupona! Bima inamlipa kwa jino lililotoka. Kwa kukaa dakika kumi kumweleza mtu kwamba jino libaki, hailipi kitu. Maarifa mapya yanafika mlangoni kwa posta na hakuna anayechana plastiki. Halafu sisi tunaoshika sinia tunajua, na tunanyamaza, kwa kuwa yeye ndiye docteur.

Mgonjwa wa mwisho alipotoka, daktari akaniuliza nilimwambia nini Maman Noella. Nikamweleza yote, hata lile "ni lazima" la Septemba. Nilidhani atanifukuza. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akatazama dirisha.

"Kama hao wanaoandika wako sahihi," akasema, "basi mimi nimewakosea watu wangapi?"

Hapo ndipo nilipomwelewa, na kumwelewa hakukunipunguzia hasira. Kubadilika kesho kungemlazimu aitazame upya kila jana yake. Ni rahisi zaidi kuendelea kung'oa.

"Tunaweza kujua," nikamwambia. "Mafaili yapo. Namba za simu zipo."

Akachukua mwavuli, akaniachia funguo.

Jumapili nitakwenda kanisani kwao, mimi Mwislamu, nimsubiri Maman Noella nje watakapotoka. Asiponipa mkono, ni haki yake.

Na kesho, kabla mgonjwa wa kwanza hajafika, nitafungua kabati la mafaili na kuanza kupiga simu. Kuuliza kama mdomo ulirudi nitaweza. Lakini yule atakayejibu kwamba haukurudi, nitamwambia tuling'oa kwa sababu gani?