Salamu ya Bibi Haikatwi

Kasokola, Jumapili mchana

Mjomba,

Nimekaa uani kwa Bibi, na kompyuta yako iko ndani imefunikwa kitenge utadhani mwali. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kuongea na wewe kimoyomoyo. Watu wakiniona midomo inacheza wanasema Kabula msiba umemchanganya. Waache waseme. Karatasi angalau haina umbea.

Kwanza habari za huku. Chumba chako cha pale sokoni Mpanda sasa ni saluni ya wanaume. Wamepaka rangi ya kijani na kubandika picha za vichwa vilivyonyolewa, ila kibao chako cha "Shija Video: Harusi, Ubarikio na Misiba" kiko juu mno, hawajakifikia, kwa hiyo kila anayekwenda kunyoa anapita chini ya neno misiba. Nilicheka peke yangu barabarani, halafu nikalia, halafu nikamkasirikia kinyozi wa watu asiye na kosa lolote. Ndugu zako nao walikuja kugawana vyombo vya kazi. Nikasema kamera chukueni, taa chukueni, kompyuta ng'o! Kaka yako mkubwa akauliza mtoto wa kike ataifanyia nini. Bibi, ambaye tangu tukuzike alikuwa hajafungua mdomo mbele za watu, akasema, "Ataifanyia kazi." Ikaishia hapo.

Sasa lile linaloniuma, nilitoe. Asubuhi ile ulipokuwa unafunga mizigo kwenda Kibaoni kupiga video ya harusi, uliniomba twende wote nikakushikie taa. Nikakwambia nina kazi ya darasani, ya filamu. Ukanitania, "Mayu, mama yangu, na hizi zangu ni nini, ugali?" Sijui shetani gani alinipanda. Nikakujibu kwamba video za harusi si filamu, ni watu wanakula tu. Ukanyamaza. Wewe, unyamaze! Nikabeba begi langu nikatoka, sikukuamkia, sikukuaga. Mchana presha ikakuangusha huko huko Kibaoni, jioni wakanipigia simu.

Tangu hapo kila mtu ananiambia nisahau. Eti Mjomba wako alishakusamehe, eti usimsumbue marehemu. Sisahau, na sitaki kusahaulishwa. Shikamoo, Mjomba. Naiandika hapa katikati ya barua, sisubiri nifike mwisho, maana nimeshaona kwamba mwisho haumsubiri mtu.

Haya. Kilichonifanya nishike kalamu leo ni kazi yenyewe ile ya darasani.

Mwalimu wetu wa filamu unamkumbuka, yule kijana aliyetoka Dar, uliyesema anatembea kama anakimbizwa na deni. Si mtu mbaya. Ana haraka tu. Alitugawa watatu watatu, kila kundi litengeneze mwanzo wa filamu wa dakika mbili. Kundi ambalo mwanzo wake utapokelewa litapewa kamera ya chuo kwenda kumalizia filamu nzima. Ambalo halitapokelewa litarudia somo. Akatupigia kelele wiki nzima: mtazamaji usipomkamata sekunde kumi za kwanza, keshaondoka! Mimi nikapangwa na Neema, binti wa hapa jirani kwa Bibi, na Jeremia wa Mishamo, yule mrefu ambaye mama yake anaongea Kirundi hata na mbuzi. Neema aigize, Jeremia ashike kamera, mimi nielekeze na kuhariri.

Hadithi niliitunga mimi. Binti anarudi nyumbani katikati ya muhula, kapanda boda, godoro limefungwa nyuma. Wewe unajua, mtu yeyote wa huku akimwona mwanafunzi barabarani na godoro wakati shule hazijafungwa, hahitaji kuelezwa kwamba kafukuzwa. Anamkuta bibi yake anapepeta mchele. Anapiga magoti, anamwamkia. Bibi anaanza kuuliza kama tunavyoulizana sisi Wasukuma, hakuna kuruka kitu. Mwangaluka. Mjini hawajambo? Shule je? Walimu wako? Huko mvua imenyesha? Na binti anajibu mhola, salama, wazima, salama. Kila swali, salama. Godoro liko pale pale mlangoni, bibi analiona, haligusi kwa neno. Mwanzo unaishia hapo.

Nilimwomba Bibi aigize. Akakataa kata kata. Akasema yeye haigizi, atasalimiwa tu. Basi akasalimiwa! Neema alipiga magoti kwenye ule udongo mpaka yakachubuka, maana tulirudia mara nne, mara jogoo, mara pikipiki, mara Jeremia kasahau kuwasha maiki. Mara ya nne, Neema aliposema walimu wazima, mkono wa Bibi ukasimama juu ya ungo. Ukasimama tu, mchele umetulia, halafu akaendelea kuuliza habari za mvua. Hilo sikumwelekeza. Nilimwangalia Jeremia, nikaona machozi yamemjaa, na Kisukuma chenyewe hajui.

Nikampelekea mwalimu, kichwa juu. Akaangalia huku anapiga kalamu mezani. Salamu ilipofika katikati akasimamisha. "Kabula, hii yote ya nini? Hii ni video ya harusi hii. Kata. Binti anafika, bibi anaona godoro, kwisha. Yenye salamu dakika nzima na nusu sipokei."

Video ya harusi. Mjomba, nilisikia kama ni mimi ninayeongea, pale mlangoni kwako, na begi begani.

Na unajua nilifanya nini? Nilikata. Usinitetee huko uliko, niache niseme. Nilirudi kwenye kompyuta yako, nikakaa mbele ya ile kibodi yenye herufi inayokwama, nikaitoa salamu yote. Binti anashuka kwenye boda, anaingia uani, Bibi anainua uso, godoro, giza. Dakika moja na sekunde hamsini. Ilikwenda mbio, safi kabisa, kama matangazo ya sabuni. Jeremia akapumua. Akasema sasa tumepona.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tukaja kumwonyesha Bibi, na majirani wakajaa kama kawaida yao, mama yake Neema katika benchi la mbele. Nikawasha. Neema akaingia uani, Bibi kwenye picha akainua uso, ikaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi akaniangalia mimi, akaangalia kompyuta, akauliza, "Huyu mtoto wa nani? Kaingia kwa watu kama ng'ombe aliyekata kamba." Mama yake Neema akajifunika uso na kanga. "Neema, ndivyo nilivyokulea hivyo?" Neema akaruka, "Mama, nilisalimia! Magoti haya hapa, yaangalie! Ni Kabula kanikata!"

Jamani, aibu ile! Hakuna hata mmoja aliyezungumzia godoro. Wala hawakuliona. Wote walikuwa wamekwama mlangoni, wanamsubiri binti asalimie, na hakusalimia, kwa hiyo yaliyofuata hayakuwahusu. Mzee mmoja aliondoka anatikisa kichwa, anasema watoto wa chuo siku hizi. Nimefanya kosa ambalo wewe usingelifanya hata ukiwa na homa. Nimemgeuza binti wa watu kuwa hana adabu, kwa kubonyeza mara moja.

Hapo ndipo nilipokukumbuka vizuri, si kwa kulia, kwa kufikiri. Nilikuwa nakuona unapoteza muda. Harusi ya urefu wa saa sita unaibana ibaki ya saa mbili, lakini wazee wakifika kusalimiana na wakwe, hugusi. Nikikwambia Mjomba hapa panachosha, unasema, "Mtu akikaa mbele ya kamera ni mgeni wako. Humtoi sebuleni hajamaliza soda." Mimi nikadhani ni ushamba. Kumbe ulikuwa unajua watu wetu wanaangalia nini. Wanaangalia nani kamwamkia nani, nani kapiga magoti nusu nusu, nani kaulizwa habari za nyumbani akajibu harakaharaka. Ugomvi wote wa ukoo uko mle ndani. Hakuna aliyekuita mwongozaji, na ulikuwa unaijua kazi kuliko sisi wenye vitabu.

Nikairudisha. Yote, dakika nzima na nusu, na mkono wa Bibi juu ya ungo.

Jeremia tuligombana. Alisema kama ni kufa nife mwenyewe, kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo, hawezi kwenda Mishamo kumwambia baba yake anarudia somo kwa sababu ya mwangaluka. Nikamwelewa, Mjomba, sikumwona mwoga. Nikamuuliza kitu kimoja tu: wewe siku ile machozi yalikutoka wapi, kwenye boda au kwenye salamu? Akasema, "Nyie Wasukuma mna shida." Halafu akaniambia sauti ya jogoo imebaki kwenye sekunde ya arobaini, niipunguze.

Siku ya kuonyesha, mwalimu alikuwa ameketi pembeni ya projekta. Yetu ikawa ya nne. Boda ikaingia, godoro, Neema akashuka. Akapiga magoti. Mwalimu akaangalia saa. Bibi akaanza kuuliza. Mwalimu akanyoosha mkono akasimamisha picha, akasema, "Kabula, tulikubaliana nini?"

Nilisimama. Nikasema, "Mwalimu, shikamoo. Tulikubaliana nikate, nikakata, nikawaonyesha watu wa kwetu, hawakuliona hata godoro. Huyu binti anasema uongo mara nne, na uongo wake wote umo kwenye salamu. Nikiikata nabaki na pikipiki. Nipe sifuri, lakini nipe baada ya kuimaliza." Nikaenda mwenyewe kwenye kompyuta, nikaianzisha upya tangu boda. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda ni hasira tu.

Mwalimu hakunizuia. Bibi pale ukutani akasema mwangaluka, na kule nyuma wakaitikia watu watatu wanne, "Mhola!" Darasa likacheka. Shule je? Salama. Wakacheka tena, kidogo. Walimu wako? Wazima. Hapo kicheko kikaanza kupungua, maana walishaliona godoro. Mkono wa Bibi ulipokatisha kazi juu ya ungo, binti mmoja wa Sibwesa aliyekaa nyuma yangu akasema taratibu, "Mungu wangu, anajua." Na Bibi akauliza kama mvua imenyesha. Giza.

Mwalimu akasema tumezidisha muda uliopangwa, na alama za muda tumezikosa zote, na kwamba kugusa kompyuta yake bila ruhusa ni utovu wa nidhamu. Nikasema ndiyo mwalimu. Akaandika. Akaita kundi la tano, wakaanza kuchomeka flashi yao. Wakati wanahangaika nayo akageuka, akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa, "Kwani yule binti alifukuzwa kwa nini?"

Nikamwambia, "Utupe kamera, utajua."

Ametupa, Mjomba! Weee! Alama zetu ni za chini kuliko makundi yote yaliyopokelewa, na sijali hata chembe. Jeremia anajali kidogo, atapona. Nilipomweleza Bibi kwamba mwalimu alitaka nimkate, hakukasirika. Alisema, "Mlete huyo kijana hapa. Anakuja?" Mwalimu amekubali, anakuja Jumamosi kuona tunavyopiga picha. Bibi ameshapanga atakaa kiti kipi, na amesema hakuna kamera kuwashwa mpaka habari zote ziulizwe, za kwao, za wazazi wake, za safari, mpaka za mvua ya Dar. Namwonea huruma.

Nakukosa vibaya. Nakukosa mpaka nakasirika, na nikikasirika nafanya kazi, kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Wanaoniambia nipoe nimewakatalia.

Neema alishauri tuandike mwishoni "Kwa kumbukumbu ya marehemu Shija." Nikakataa. Pale watu wanakuwa wameshasimama, wanatafuta viatu na watoto wao, nani atasoma? Na kumbukumbu ni ya mtu aliyemaliza. Nakuahidi, Mjomba, nitaimaliza filamu hii, nitaionyesha hapa Kasokola kwa watu wale wale, na jina lako litakuja mwanzoni, kabla ya langu, wakati wote wamekaa. Nimeshaliandika jana. Wahariri: Shija na Kabula.

Lala salama. Kazi iko kwangu.

Mpwa wako,
Kabula