Joto la Biwi Langu la Mboji

Alhamisi

Lina joto kweli! Nimetumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikauchomoa haraka.

Na mimi ndiye niliyewatangazia watu kahawani kwamba biwi langu linachemsha yai, wakati lilikuwa baridi kama mtungi. Shemeji Athumani, kaka wa mke wangu, haachi neno likapita. Jumatatu alikuja na yai, akalifukia humo, akaketi kusubiri. Alipolifukua akaliweka sikioni. "Shemeji, linaomba blanketi!"

Mke wangu ndiye aliyeona kosa. "Baba Zuhura, umejaza makumbi ya nazi matupu! Babu yako si alikuwa akiyafukia matopeni miezi na miezi ndipo asokote kamba? Wewe unataka yaoze kwa wiki?"

Nilinuna, maana ni kweli. Mimi ninayejigamba kwamba niliogelea toka Saadani na mbuzi begani, nimeshindwa na makumbi. Nikayatoa yote, nikaweka majani mabichi, machicha ya nazi na mavi ya mbuzi, nikamwagia maji.

Na leo joto. Moto sikuwasha, jua halifiki pale. Nimechungulia mpaka adhana ya magharibi, sikuona kitu.

Baada ya swala Athumani akaniuliza mbele za watu, "Enhe, leo linapika nini?"

"Halipiki. Lina joto tu, njoo utie mkono."

Hakucheka. "Joto hilo linatoka wapi, shemeji?"

Wote wakanigeukia, nami kwa mara ya kwanza sikubuni: "Sijui, shemeji."