Chumba Ulichokuja Kukiona

Mama,

Nimepata chumba. Najua unajua, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kusema, kwa sababu siku hizi naogopa kukutaja kwa sauti nikiwa peke yangu.

Kwanza ya nyumbani. Baba hajambo. Anajipikia ugali usioiva na hataki kusaidiwa. Matanga yalipoisha hakutaka niondoke tena. Alisema Kenya ilikuwa habari yako na mimi, yeye hakuwahi kuelewa kwa nini binti aende kusomea uuguzi nchi ya watu wakati Moshi kuna vyuo. Nikamwambia ulishakubali. Ukishakubali jambo nyumba ile haikuwa na rufaa. Akaniachia, ila kwa sharti: nikiacha masomo na kurudi nyumbani Marangu kabla ya kumaliza, sitoki tena.

Huku Kerugoya ni kama nyumbani, na hilo ndilo lililonitisha mwanzo. Kahawa, migomba, udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu, mlima unaojificha mchana kutwa na kutoa kichwa asubuhi tu. Lakini mlima si wetu. Kila kitu kipo, ila watu wamebadilishwa. Siku ya kwanza nilimwona mwanamke ameinama kwenye kahawa, kitambaa kichwani, nikasimama barabarani nikingoja ageuke. Aligeuka. Akaniuliza kitu kwa Kikuyu, nadhani aliuliza kama nimepotea.

Kiswahili chao kingekuchekesha. Wanasema "kitabu yangu" bila haya, halafu wananicheka mimi ninayesema "naomba sukari" dukani. Mwenye duka aliniuliza kama naomba au nanunua.

Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa. Kendi, msichana wa Meru tunayesoma naye, alinigawia kitanda chake wakati mwenzake wa chumba yuko kwao. Mwenzake huyo alikuwa anarudi mwisho wa wiki. Kama nisingepata pa kukaa kabla ya hapo, ningepanda basi la Namanga na kwenda kumpa Baba ushindi. Kwa hiyo kila tukitoka darasani Kendi alinishika mkono, "twende tutafute keja," ndivyo vijana wa huku wanavyoita chumba, na tukaanza kuzunguka.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha mbao. Kendi alibaki barabarani anaongea na simu. Mwenye nyumba alinifungulia, nikaingia, yeye akabaki ameushika mlango wazi. Upepo ulikuwa unaingia na matone ya mvua. Nikamwambia afunge tu. Akaniuliza, "Kwani huyu haingii?" Nikadhani anamsema Kendi. Chumba kilinuka panya, tukaondoka.

Cha pili nilikwenda peke yangu, Kendi alikuwa maabara. Mzee mwenye ploti, ndivyo wanavyoita nyumba ya vyumba vya kupanga, alileta vigoda viwili, akavifuta vyote viwili kwa kofia yake. Nilikaa kimoja. Kuhusu maji, kuhusu saa ya kufunga geti, kuhusu wageni wa kiume, yote aliyaeleza akikiangalia kile kigoda kingine, kwa heshima, vile mtu anavyoongea na mzazi huku mtoto anasikiliza. Nilijiambia ni uzee. Lakini nilipoinuka alinishika bega na kuniambia nipunguze mwendo barabarani, nisimwache mzazi nyuma. Nilitembea hadi mjini bila kugeuka. Shingo iliniuma kwa kujizuia.

Ndipo nikafika kwa Mama Muthoni. Ploti yake iko juu ya kijito, vyumba sita, sakafu ya saruji, bomba uani. Nilifanya yote uliyokuwa ukifanya: nilinusa pembe, nikagonga kuta, nikauliza aliyehama alihamia wapi na kwa nini. Nikaambiwa ameolewa Sagana. Dirisha linatazama mlimani. Nilikipenda kile chumba hadi nikajisikia vibaya, kwa kuwa wewe hukuwepo kusema bei ishushwe.

Mama Muthoni ni mwanamke mnene, mkali, anayevaa sweta mbili. Alinisikiliza nikiongea akasema naongea kama taarifa ya habari. Halafu akatoa sharti lake. Hawapangishii wasichana wa chuo kabla hajamtazama mzazi usoni, kwa sababu wamemchosha. "Kuja na mama yako," akasema. "Nikimuona, nakupatia kifunguo hapo hapo."

Nikajibu, "Mama yuko njiani."

Sikupanga, Mama. Mdomo ulisema wenyewe. Bado ulimi wangu haujajifunza kusema ulikufa. Nasema umelala, umesafiri, umechelewa. Na pale nilikuwa nasikia maneno yako ya hospitali, ulipokuwa umeshika mkono wangu na dripu imekwama: "Nitakupeleka mwenyewe. Silali mpaka nikione chumba utakacholala." Ulikufa na chumba hakijaonekana. Tulikuzika kwenye migomba, Mchungaji akasema pumzika, na mimi nikaitikia amina pamoja na wengine. Sikukumbuka ulichokuwa umesema.

Kesho yake nilirudi kwa Mama Muthoni na uongo mwingine mdomoni, kwamba umekwama mpakani. Nilimkuta anaosha masufuria uani. Hakuniacha nifungue kinywa. Alikausha mikono, akatoa ufunguo kwenye sweta ya ndani, akanipa.

"Mama yako alikuja," akasema. "Nilimwita na Kikuyu akuje akunywe chai, hata hakusonga. Alisimama tu hapo kwa geti akiangalia hiyo dirisha. Ni mtu mpole. Lakini nyinyi watu, mbona mnaacha mzazi anatembea bila viatu na hii baridi?"

Nilimuuliza ulivaa nini. Akaniambia kitenge cha kijani, chenye ndege.

Mama mdogo ndiye aliyekuvalisha kile kitenge. Viatu aliviweka kando, akasema huko uendako havina kazi.

Ungetegemea niseme ukweli pale pale. Sikusema. Nilipokea ufunguo. Mwisho wa wiki ulikuwa umefika, na nilikitaka chumba. Nilihamia jioni ile na Kendi akanisaidia kubeba godoro. Tulicheka sana, nikalala bila kuota chochote, na asubuhi nikaona mlima mzima dirishani, na barafu yake. Nilidhani basi, umeona, umeridhika.

Lakini hukuwa umeona, sivyo? Uliona dirisha tu.

Wiki iliyofuata ukaanza kuja. Si usiku, na hilo ndilo linalonisumbua. Unakuja zile saa ukungu unaposhuka, bado kweupe, watu wanaanua nguo na redio ya jirani inaongea. Nasikia, "Hodi wenyewe." Hapa hakuna anayesema hivyo, wanagonga tu au wanaita jina. Sauti ni yako, ile ya kabla hujaugua. Hodi wenyewe, halafu kimya, halafu tena. Hujawahi kuingia nyumba ya mtu bila kuambiwa karibu, hata kwa dada yako. Mimi mwenyewe ulinichapa nikiwa mdogo kwa kumwacha mgeni mlangoni. Kwa hiyo unasimama. Na mimi nakaa kitandani nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kwa sababu neno linapanda lenyewe kooni. Ukungu ukiondoka nafungua. Juzi palikuwa na nyayo za maji kwenye saruji, za miguu mitupu, vidole vimeelekea mlangoni. Kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake, kama chako. Nilizifuta kwa kitambaa nikilia, Mama. Nilikuwa nakupenda na kukuogopa kwa pamoja, na sikujua mtu anafanyaje na vitu hivyo viwili.

Jana nilimwambia Mama Muthoni. Nilimwambia yote, kwamba ulizikwa kabla sijavuka mpaka. Nilishapanga nguo kwenye begi, nikijua atanifukuza. Alijikuna mkono. Kisha akaniuliza kama nimekuambia karibu. Nikasema bado. Akashusha pumzi.

"Usimwambie," akasema. "Si ubaya. Hapa kwetu mtu akienda, anarudi na mtoto. Mtoto anapewa jina yake, basi amefika. Kwa mlango hii ingine, hapana, atapotea na wewe upotee."

Binti yake Muthoni, akanieleza, ndiye mama yake mzazi aliyerudi. Ana miaka saba. Mama Muthoni humwita mtoto huyo "mama", na akimchapa baadaye humwomba radhi. Aliniuliza jina lako. Nikamwambia Aikaeli. Alilijaribu mara kadhaa, likamshinda kidogo, akalirudia hadi likakaa. Halafu akaniambia nirudishe nguo kabatini na nisimdanganye tena, na akaenda kuchemsha maziwa.

Kwa hiyo nakuandikia leo, kabla ukungu haujashuka, ili mambo yote tuyamalize hapa. Chumba kina kitanda cha chuma, meza na kabati. Nimepachika pazia lako la jikoni. Ukuta wa upande wa kijito una unyevu kidogo, nimeshamwambia, atapaka chokaa. Jirani wa kulia ni mwalimu kutoka Kakamega, anaimba kwaya, hana maneno. Mlango una komeo la ndani. Nakula. Nikitoka hapa nitakuwa muuguzi kama tulivyosema. Sasa umekiona, Mama, chote. Imetosha. Lala.

Desemba nitakuja nyumbani pamoja na Wachaga wenzetu wote wanaorudi kwa Krismasi, nitafagia kwenye migomba na kukusimulia mtihani. Lakini hapa mlangoni usije tena. Ukija sitaitikia. Nitakaa ndani na nitakuwa nakusikia, na sitaitikia, na itaniuma kuliko siku tuliyokuzika.

Kwetu pia majina hurudi, nilikuwa nimesahau hadi mgeni anikumbushe. Binti wa kwanza atakuwa wa mama wa mume wangu, ndiyo kawaida, vumilia. Wa pili ni wako. Sijui mume huyo ni nani wala yuko wapi, lakini nitamwambia siku ya kwanza kabisa, na asipokubali hanioi. Siku hiyo, Mama, hutapiga hodi wala kungoja nje kwenye baridi. Utaingia ukilia, na sote chumbani tutakwambia karibu.

Mwanao,
Upendo