Mukono Wenye Adabu

Rumonge, Jumamosi, Agosti 1963

Na mimi nilikuwa nimejiandaa kugombezwa!

Kwa sababu natumia kushoto, fundi Kasongo, anayenifundisha muziki, aligeuza nyuzi za gitaa yangu ya umeme. "Usijilazimishe," alisema. "Kushoto kupige, kuume kubane kwenye shingo."

Niliogopa mama tu. Kwake kushoto ni mukono wa chooni.

Leo kwa arusi akanikuta napiga. Akaangalia vidole vyangu vya kuume vikikimbia juu ya shingo ya gitaa, halafu akamuangalia Kasongo aliyepiga yake pembeni yangu, vyake vya kushoto ndivyo vikikimbia. Akamugeukia shangazi:

"Unaona? Kazi yote anaifanya na ule wa chooni! Mutoto wangu peke yake ndiye iko na adabu."

Pilau ilipofika, mimi nilipewa nyama ya kwanza. Kasongo aliambiwa anawe mara mbili.