Ukuta Uliosifiwa na Ofisi

Jumapili, Aprili 1957

Mvua ilianza kabla hatujatoka kanisani na haina haraka ya kuacha. Bati linapigwa mpaka siisikii kalamu yangu. Nimekasirika. Wewe daftari umezoea kunisikia nikijisifu, lakini leo vumilia, maana hasira niliyo nayo haitoshi ndani ya koti la mtu mmoja.

Nimeikasirikia ofisi ya nyumba. Nimemkasirikia karani wao. Nimeikasirikia hata mvua, ambayo haina kosa. Na kuna mtu mwingine, huyo nitamfikia.

Kwanza sheria yenyewe. Mwafrika akipewa ploti katika mtaa wetu hapa Nakuru, anapewa kwa mwaka mmoja mmoja, kama mtu aliyeazimwa baiskeli. Na juu ya ploti hiyo anaruhusiwa nyumba ya muda tu: fito, udongo, bati juu. Jiwe ni marufuku. Ukijenga kwa jiwe, wanasema, utajiona umefika, na siku ukiambiwa uhame utataka fidia. Udongo hautaki fidia. Udongo ukiambiwa toka unatoka.

Sasa mimi ni fundi wa mawe. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mikono yangu iliendelea kusoma. Nimekwenda Burma na jeshi, nikajenga nguzo za daraja risasi zikipita, na afande aliponiambia nilale chini nilimwambia angoje nimalize kona. Kolombo nimekula samaki ambaye hata mpishi hakumjua jina. Kule Milimani kuna nyumba sita za Wazungu ambazo mtu akipita anapaswa kuvua kofia, si kwa ajili ya wenyewe, kwa ajili ya kona zangu. Halafu jioni fundi huyo huyo ateremke mlima, aje alale kwenye udongo, na mchwa wa ukutani wanamjua kwa jina?

Sikukubali.

Nilichofanya walikijua wawili tu, Mungu na Rebeka mke wangu, na nadhani Mungu alicheka. Wakati ule ploti yangu ilikuwa ya mwisho, ng'ambo yake ni nyasi na mbuzi wa watu. Kalasinga niliyekuwa nikimfanyia kazi aliniachia mawe yaliyovunjika pembe, yale ambayo matajiri hawayataki. Niliyaleta kwa mkokoteni, mawe chini, kuni juu. Nikasimamisha fito na udongo kwa nje kama sheria inavyotaka, kisha nyuma yake nikapandisha jiwe, mstari kwa mstari, mpaka juu. Ndani nikapaka udongo tena. Ikawa kama sambusa. Aliyeuliza mbona ukuta ni mnene nilimwambia ndivyo tunavyojenga kwetu Maragoli, kuna baridi. Wajaluo waliamini. Hata Wamaragoli wengine waliamini.

Halafu mji ukaja ukanikuta. Nyasi zikaisha, mbuzi wakaisha, zikasimama nyumba mpaka mtu akikohoa upande huu anaambiwa pole upande ule. Kila masika kuta za majirani zinayeyuka, wanakanda, wanaziba, wanakanda tena. Wangu umesimama. Watu wakawa wanakuja kuutazama. Na mimi, badala ya kuona haya, nilisimama mlangoni mikono nyuma kama bwana shamba anayekagua mahindi.

Mwishoni mwa mwaka jana majirani waliandika barua kwa ofisi kuomba ruhusa ya kujenga kwa jiwe. Aliyeisukuma barua hiyo ni Mama Atieno, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane anayeuza uji karibu na stesheni. Alizunguka mlango kwa mlango na kidau cha wino, akikusanya sahihi na vidole gumba, mpaka kurasa nne zikajaa.

Basi ofisi ikamtuma Bwana Afya, yule Mzungu mwembamba anayekagua nyumba zetu, na karani wake Zakaria nyuma na vitabu kwapani. Walipita mtaa mzima wakitikisa vichwa. Walipofika kwangu Bwana Afya alisimama. Akagonga ukuta kwa fimbo. Akagonga tena. Akatabasamu, jambo ambalo hata Zakaria alionekana hajawahi kuliona. Akataka kujua udongo huu nimeutengeneza vipi.

Hapo mtu mwenye akili angesema ni bahati tu, akarudi kwenye chai yake.

Lakini mimi nikisifiwa huwa narefuka. Nikasema ni siri ya babu yangu. Unachukua udongo mwekundu, nikasema, na jivu, na mavi ya ng'ombe, na damu ya ng'ombe ikiwa bado ya moto, debe moja kwa kila chumba. Unakanda kwa miguu siku tatu. Na siku hizo tatu usiseme neno na mtu. Hiyo ya kunyamaza sijui ilitoka wapi. Babu yangu hakujenga kitu maisha yake yote, alifuga nyuki na kulala kwa shemeji zake. Zakaria aliandika yote. Aliuliza hata kama ng'ombe ni lazima awe dume.

Nikasema dume ni bora.

Mwezi wa pili tukaitwa uwanjani kusomewa majibu. Zakaria alipanda juu ya sanduku akasoma: kwa kuwa imeonekana wazi kwamba udongo ukitengenezwa vizuri unadumu kama jiwe, kama ulivyo wa yule fundi, ofisi haioni sababu ya kubadilisha sheria, na wakaaji wote wafuate mfano wake. Watu waligeuka wakanitazama. Wengine walinipigia makofi. Na kwa sababu daftari halisemi, nitaandika: kwa dakika moja nilifurahi.

Baada ya hapo kila Jumamosi kulikuwa na mstari wa kina mama wenye madebe huko machinjioni. Inzi walikuja mtaani kwetu kutoka kote, nadhani hata wa Njoro walipata habari. Ungepita ungewaona watu wazima wamekunja nguo, wanakanyaga matope mekundu, midomo imefungwa, ukiwasalimia wanakukazia macho. Nilicheka. Nilimwambia Rebeka, tazama, mtaa mzima umekuwa bubu kwa ajili ya babu. Rebeka hakucheka. Alisema, "Baba Esta, hao watu watalala ndani ya hizo kuta."

Alhamisi mvua ilinyesha vibaya. Ukuta wa chumba cha kulala cha Mama Atieno ulianguka wote, saa tisa mchana, juu ya kitanda. Yeye alikuwa kwenye uji, watoto wako shule. Tulipofika kitanda hakikuonekana, ilionekana blanketi pembe moja tu. Nilichimba na wenzangu, nikiwa na mwiko wangu mzuri wa kazi, na sikusema mzaha hata mmoja. Mtu mmoja aliniuliza kama naumwa.

Jana jioni akaja kwangu. Nilijua anakuja kunitukana na nilikuwa nimeandaa majibu matatu, yote mazuri. Alikataa kiti.

"Fundi, nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha wa nini, Mama Atieno?"

"Ile dawa ya babu yako nimeiharibia jina. Damu niliweka ya kutosha, na ilikuwa ya dume, niliuliza. Lakini siku ya pili mwanangu mdogo aliangukia jiko, nikapiga kelele. Niliongea, Fundi. Nafikiri ni hapo."

Majibu yangu matatu yakakauka. Nilisema pole, nikasema mvua ilikuwa nyingi. Akaniambia nisimfiche, kosa ni lake, na kwamba amemwambia Zakaria hivyo hivyo, ili ofisi isidhani kwamba mimi ni mwongo. Na Zakaria amemjibu kwamba amefanya vizuri kusema, kwa sababu Jumatatu saa nne Bwana Afya anawaleta wakubwa wa Naivasha na wa Gilgil waje wauone ukuta wangu. Huko nako watu wameomba jiwe.

Akaenda zake. Nikabaki na sahani ya maharagwe.

Sasa nisikilize, wewe daftari, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Bwana Afya ni mtu aliyesoma. Amekaa kwenye viti vya shule miaka ambayo mimi nimekaa kwenye jukwaa la mbao. Hivi kweli aliamini? Kama damu ya dume ni nzuri hivyo, mbona nyumba yake mwenyewe kule Milimani nimeijenga kwa jiwe, na nilipoweka jiwe moja lenye ufa wa unywele alinifanya nilitoe? Mbona hakuenda machinjioni na debe lake? Hakuamini. Alitafuta tu kitu cha kuandika. Angeambiwa na mlevi kwamba udongo ukiimbiwa unakuwa saruji, angeandika na hilo, tuimbe. Kurasa nne za vidole gumba zimeshindwa na uongo wa dakika mbili, kwa sababu uongo ule ulisema wanachotaka. Hilo ndilo linalonichoma. Sisi ndio tunaochonga mji huu, kona kwa kona, halafu tunaambiwa tukae ndani yake kama mayai, tukingoja kuvunjwa.

Na yule mtu mwingine niliyesema nitamfikia, nimemfikia. Yuko kwenye kioo, ana masharubu.

Rebeka na mimi tulizungumza mpaka chai ikapoa. Sheria inasema jiwe likionekana leseni inafutwa na nyumba inabomolewa kwa gharama ya mwenyewe. Nikinyamaza Jumatatu, nyumba inabaki yangu, na watu wa Naivasha wanaanza kubeba madebe. Nikisema, Esta na wadogo zake wanatoka kwenye nyumba pekee kavu ya mtaa huu. Rebeka aliniambia, "Nyumba hii si yako peke yako. Mawe hayo nilishika taa wewe ukiyapanga." Alinipa mgongo mpaka asubuhi, na kanisani alikaa upande wa kina mama wazee.

Leo baada ya ibada nilimwita Mama Atieno. Nikachukua jembe, mbele yake na mbele ya kila aliyekuwa akipita na mwavuli wa gunia, nikalipiga kwenye udongo kando ya mlango wangu. Pigo la kwanza ukamomonyoka, la pili ukamomonyoka tena. Fito zikatoka. Kisha kona ikatoka, imechongwa, imenyooka, mvua ikaiosha vizuri kuliko ambavyo ningeiosha mwenyewe.

Mama Atieno alisogea akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Na hili ni la babu yako?"

"La Kalasinga. Babu alifuga nyuki tu. Nilitunga."

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Na kunyamaza?"

"Na kunyamaza."

Akaondoa kiganja kwenye jiwe. "Nilimnyamazia mtoto wangu homa," akasema. "Siku ya kwanza alikuwa na homa, akaniita, nikamjibu kwa mkono." Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda. "Ningekuwa na mume, Fundi, ningemtuma akupige."

Nikamwambia anipige mwenyewe. Akasema mikono yake ina kazi.

Nilimwambia chumba changu cha mbele ni chake na watoto, kuanzia leo, mpaka nimjengee ukuta ambao hautamwangukia, na kama kesho tunatolewa basi tutatolewa sote na tutajua pa kwenda. Amekubali. Amenieleza wazi kwamba amekubali kwa sababu ya watoto, si kwa sababu yangu, na kwamba hajanisamehe na nisimharakishe. Sasa hivi yuko ng'ambo anachomoa sufuria zake kwenye matope. Simharakishi.

Wanaume wa mtaa walibaki wakilitazama jiwe. Mmoja akasema nirudishe udongo upesi kabla Zakaria hajapita, tutasaidiana, tutamaliza kabla ya giza. Alisema kwa wema. Nikamjibu kwamba wakubwa wametoka mbali kuja kuuona ukuta, si vizuri kuwaonyesha nguo tu. Akacheka. Nami nikacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Lakini naogopa. Burma niliogopa pia lakini kule kulikuwa na sajini wa kulaumu.

Kesho saa nne nitasimama mlangoni. Bwana Afya akiniuliza, nitamwambia hivi: hili ni jiwe, limesimama miaka mitano, ule wa jirani ni udongo, ulisimama wiki sita. Andika na hilo. Kisha nitanyamaza, kama nitaweza. Wakitaka kubomoa watabomoa mbele ya mtaa mzima, na hakuna karani atakayesoma juu ya sanduku kwamba udongo unatosha. Je, itasaidia? Sijui. Mtu aliyetembea dunia nzima anapaswa kujua, lakini sijui.

Nilikuwa nataka kufunga daftari hapo. Lakini nimesikia kitu kinakwaruza ndani, nikadhani ni panya. Si panya. Rebeka, ambaye hajanisemesha tangu jana, amepanda juu ya kiti chumbani kwetu na kisu kikubwa cha jikoni, anakwangua udongo wa ndani kuanzia juu ya kitanda. Vumbi limemjaa kwenye kitambaa cha kanisani.

Nimemuuliza anafanya nini.

"Ukionyesha nje tu watasema ni pambo," amesema bila kugeuka. "Na hiki kiti kinacheza. Acha kuandika, njoo ukishike."

Naenda kushika kiti.